Nakala ya Katalogi na Thomu ya Mwanasiti

"Uongozi wa depo ya makontena unawatangazia wateja wake watukufu kwamba katalogi ya kompyuta kuu inapangwa upya huku kazi ikiendelea, na unaomba radhi mapema kwa usumbufu ambao hautakuwapo."

Nassor, karani mstaafu aliyepewa lakabu ya Kadhi kwa kuwa hakuna mzozo usiomhusu, alilisoma tangazo hilo kwenye simu kwa sauti ya hotuba, kisha akavua miwani. Benchi zima, lililoegemea kibanda cha viungo cha Mwanasiti hapo Mishomoroni, lilitikisa kichwa kwa heshima. Mwanasiti, ambaye wenzake walimwita Bi Thomu, hakutikisa. Kontena lake la thomu, yaani vitunguu saumu, lilikuwa depo siku ya nne, na thomu ikishachipua haina mnunuzi.

"Tangazo la lini hilo, Kadhi?"

"La Jumatatu."

"Na leo Alhamisi!"

"Mathee, kontena lako nimeliona kwa macho yangu," alisema Oduor, dereva wa lori, maarufu kama Gia Tano. "Karani wa depo anacheki skrini, anasema halipo. Namwambia geuka, liko nyuma yako. Anasema hana ruhusa ya kugeuka."

Macho yote yakamwendea Luqman, almaarufu Mitambo, mwajiriwa wa chumba cha kompyuta pale depo, aliyekuwa akichunguza kikombe chake cha kahawa kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Wallahi mzigo haukupotea, Bi. Iliyovurugika ni katalogi. Hiyo ndiyo ijuayo kila faili imewekwa wapi. Faili zipo, ila hakuna wa kuzifikia."

"Na nani kawatuma kuipanga na watu wanaitumia?"

"Hupangika, ila kipande kipande. Unakifunga kimoja, unakipanga, unakikagua, ndipo ukifungue uende kwa cha pili. Mkubwa akakataa tusifunge chochote, eti malori yasije yakasubiri."

"Sasa yanasubiri bila kukatizwa," alisema Kadhi.

Mwanasiti alisogea karibu. "Mimi nauza bizari, na daftari langu lina nakala nyumbani. Nyinyi wasomi hamkutoa nakala?"

"Tulitoa, Bi. Nakala kamili, tena safi."

"Iko wapi?"

Luqman akakohoa. "Mahali ilipo pameandikwa kwenye katalogi."

"Ai!" Oduor alijishika kichwa. "Na pengine?"

"Pengine wapi? Kila kitu huandikwa humo."

"Basi niandikie wewe kwa mkono, mwanangu," alisema Mwanasiti, sauti imeshuka. "Sema kontena lipo, nimpelekee karani kabla thomu yangu haijawa shamba."

"Karani hasomi mkono, Bi. Husoma skrini."

Simu ya Luqman ikalia. Aliutazama ujumbe, akampa Kadhi simu, naye Kadhi akavaa miwani.

"Baada ya kikao kirefu, uongozi umeamua kwamba shehena yoyote isiyoonekana katika katalogi ihesabiwe kuwa haijawasili nchini. Mwenye shehena hiyo anatakiwa aende bandarini, akaisubiri meli."