Ombi la Kusajiliwa Kuwa Karasha

Aneth, Mama Ndaki,
Mwaloni kwa Mzee Maganga,
Nje kidogo ya mji wa Geita.
Jumapili, baada ya kuosha vyombo.

Mkuu wa Vipindi,
Redio Kokoto,
Kalangalala, Geita.

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

YAH: KIPINDI CHA "MAMA IMARA" NA MADHARA YAKE KWA MAMA

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umelala vya kutosha na umekwisha kunywa maji yako ya limau, kama kipindi chenu kinavyotuagiza. Mimi si mzima sana, ndiyo maana naandika.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mama wa watoto watatu na mpishi hapa mwaloni, yaani mahali mawe ya dhahabu yanapoletwa kusagwa na kuoshwa. Nawapikia wasagaji na wachimbaji: asubuhi chai na maandazi, mchana ugali na dagaa wa Nkome, jioni kile kilichobaki. Mume wangu Enock, Baba Ndaki, ndiye fundi wa karasha la Mzee Maganga, ile mashine inayosaga mawe. Nakuomba usisahau habari ya karasha, tutairudia.

Mwezi uliopita nesi wa zahanati alinipima presha. Akaangalia kipimo, akaniangalia mimi, akapima tena. Akaniambia nipumzike na nifanye mazoezi. Mwenzangu tuliyekuwa tunapika naye jiko moja alianguka mwaka jana mwiko ukiwa mkononi, na mpaka leo upande wake wa kulia haujarudi. Binti yake ndiye anayemlisha. Kwa hiyo naogopa, nasema wazi. Mwanangu wa mwisho bado hajui kufunga vifungo vya shati lake. Ndipo nikaanza kusikiliza kipindi chenu, ambamo Dada Violeth anawafundisha akina mama wafanyakazi jinsi ya kuwa na afya na ari. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Dada Violeth anasema mama imara huamka kabla ya wote nyumbani ili apate muda wake mwenyewe. Ndugu Mkuu, jogoo wangu ananisikia napasua kuni ndipo anakumbuka kazi yake. Nikisema niamke mapema zaidi ya hapo, itabidi niamke kabla sijalala. Naomba anieleze jambo hilo linafanyikaje. Kama hajui aseme hajui, tutamsamehe.

2. Anasema tusile haraka. Tukae mezani, tutafune taratibu, na mlo uwe na parachichi na samaki wa kuchoma. Samaki namwona sana. Namkaanga mwenyewe, kisha namwangalia akienda kwenye sahani ya mnunuzi wa dhahabu. Mimi nakula ukoko nimesimama, na nikitafuna taratibu kuna mtu anaita chumvi.

3. Anasema kila jioni mama aandike mambo matatu yaliyomfurahisha siku hiyo. Nilijaribu, nyuma ya mfuko wa unga. La kwanza niliandika kwamba vyombo vimekwisha kuoshwa. La pili nilisinzia.

4. Kipindi hiki kinasikilizwa na wanaume, na hili mmelifanyia uzembe mkubwa. Redio ni ya Baba Ndaki, na Baba Ndaki haamini jambo lolote mpaka redio iseme. Nesi alipomwandikia kikaratasi kwamba nahitaji kupumzika, alikisoma, akakikunja, akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Lakini Dada Violeth aliposema maji ni muhimu, mume wangu akawa kocha. Natoka kisimani na ndoo kichwani, yeye kwenye kiti chake ananikumbusha kunywa maji. Nikisema nimechoka, ananiambia nisiseme sina muda, niseme sijapanga. Hayo ni maneno ya studio yenu, nayafahamu. Mmemtoa kwenye kutojua mkampeleka kwenye kujua vibaya, na heri angebaki kulekule.

5. Sasa nafika kwenye mbio. Dada Violeth alisema mama akimbie alfajiri, nusu saa tu, na asiogope macho ya watu. Jumamosi moja nikajitoa. Nikavaa bukta na fulana ya Baba Ndaki, raba za Ndaki ambaye miguu yake sasa imeipita yangu, nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka. Sikatai, Ndugu Mkuu, zile hatua za mwanzo zilikuwa tamu. Mikono ilikuwa mitupu. Sina ndoo, sina mtoto mgongoni, sina kuni, sina jembe. Kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yenye umande, na nilisikia pumzi yangu mwenyewe, kitu ambacho sikumbuki mara ya mwisho nilikisikia lini.

Kumbe mzee mmoja alikuwa anatoka chooni. Akaona mtu wa bukta anakimbia gizani bila kubeba kitu. Sijui huko kwenu Kalangalala, lakini huku kwetu mtu hakimbii hivihivi. Ama ameiba, ama ameibiwa. Mzee akapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuitana penye hatari, na sungusungu wakajibu kwa filimbi. Sheria ya mwano unaijua: ukiusikia unatoka, uwe unaoga au unakula, unakimbilia uliko, na asiyetoka anahesabiwa kuwa upande wa mwizi. Kijiji kizima kikatoka na marungu.

Sasa mimi nami niliusikia. Nikajua tumevamiwa. Na kwa kuwa ni mwananchi mtiifu, sikusimama hata kidogo. Nikaupokea mwano kwa sauti yangu yote nikaongeza mbio, tumkamate. Nikawa mbele ya kijiji kizima namfukuza mwizi, na mwizi ndiye mimi. Kila nikigeuka naona watu wamekunja sura, nafurahi moyoni kwamba leo wameitikia vizuri, nakaza mwendo.

Walipoona mwelekeo wangu wakaamini mwizi anakwenda kuling'oa karasha vyuma. Pumzi iliniishia karibu na banda lake, nikakaa chini. Mume wangu ndiye aliyefika wa kwanza, spana mkononi. Tangu anioe sijamwona akikimbia vile. Akanipita. Aliruka miguu yangu, Ndugu Mkuu, akaenda moja kwa moja kwenye karasha. Akapapasa beringi, akavuta mkanda, akainama akalitegea sikio. Alipohakikisha ni zima, ndipo akageuka kuuliza huyu aliyekaa hapa ni nani.

6. Nikakaliwa kikao palepale. Kamanda wa sungusungu, Amosi, aliniuliza nilikuwa nakimbilia wapi. Nikasema sikimbilii popote. Akauliza nilikuwa nakimbia nini. Nikasema sikimbii kitu, nafanya mazoezi. Akashangaa sana, akataka kujua kwa kazi ninazozifanya kutwa mazoezi mengine ni ya nini. Wazee wakateta pembeni, wakarudi na uamuzi: nimesumbua watu bure, adhabu yangu ni kuwapikia uji wote walioitikia mwano. Yaani siku niliyotoka kutafuta afya yangu, nilipikia kijiji. Na uji wakaunywa! Wakasifiana mbio, wakaonyeshana jasho. Kamanda Amosi mwenyewe alikiri kwamba mwili umekuwa mwepesi, wepesi wa ujana, akaomba aongezwe kikombe.

Mimi nikiwa nakoroga nilikuwa nawaza. Miaka yote hii natoka gizani kwenda kisimani, mara nyingi mbiombio, na hakuna aliyenipigia filimbi hata moja. Nikikimbia na ndoo, ni mama. Nikikimbia mikono mitupu, ni mwizi. Nikajiuliza nimeiba nini, nikaona labda ni ile nusu saa.

7. Tangu siku hiyo naliangalia karasha kwa jicho jingine. Mchana linazimwa lipoe. Jumapili halisagi. Lina paa la bati lisilovuja, wakati langu linavuja juu ya kitanda. Lina mlinzi. Grisi yake haikosekani hata wiki ambayo sukari imekosekana nyumbani. Likitoa mlio usio wa kawaida, kazi yote inasimama, wanaume wazima wananyamaza kimya na kulisikiliza, na Baba Ndaki anaweka kiganja chake pale kwenye beringi kuona kama limepata joto. Mimi nililala na homa wiki nzima mwezi wa nne, kiganja hicho sikukiona. Na zaidi ya yote, hakuna aliyewahi kuliambia karasha lijipende. Hakuna anayelipigia redio liongeze ari. Lisiposaga, hawasemi halijajipanga. Wanasema linahitaji matengenezo.

Kwa sababu hizo, kwa heshima na taadhima, naleta maombi yafuatayo:

(a) Kipindi cha Mama Imara kisimamishwe mara moja, kwa usalama wa akina mama na wa sungusungu.

(b) Dada Violeth aje akae kwangu juma moja, aje na malimau yake. Atalala na wanangu. Aamke kabla yangu, akiweza.

(c) Redio Kokoto itangaze, baada ya taarifa ya habari ambapo Baba Ndaki hakosi kusikiliza, kwamba mimi Aneth nimesajiliwa rasmi kuwa karasha. Mkitangaza ninyi ataamini. Taja taratibu zote: kuzimwa mchana, kutosaga Jumapili, paa, mlinzi, na kusikilizwa nikitoa mlio. Grisi si lazima. Mafuta ya kawaida ya kupaka yanatosha.

(d) Kama sheria za nchi haziruhusu binadamu kuwa karasha, basi karasha lisajiliwe kuwa mke wa Baba Ndaki, kwa kuwa ndivyo lilivyo tayari, na mimi nihesabiwe mgeni. Mgeni huku kwetu hapewi ndoo, na akisema amechoka anatandikiwa mkeka.

Naamini ombi langu ni dogo. Sijaomba kupendwa, maana mmekwisha sema nijipende mwenyewe. Naomba matunzo tu, yale ambayo chuma kinayapata bila kuandika barua.

Nisalimie wafanyakazi wote wa Redio Kokoto, mafundi mitambo, mlinzi wa getini, na yule anayesoma matangazo ya vifo kwa sauti nzuri. Shikamoo kwa wazazi wako kama wapo. Dada Violeth msalimie pia, sina ugomvi naye, nadhani hana watoto. Baba Ndaki angekusalimu lakini yuko kwenye karasha. Wabheja sana kwa muda wako, nami najua thamani ya muda.

Wako katika ujenzi wa taifa na upikaji wake,

Aneth, Mama Ndaki
(Karasha mtarajiwa)

Nyongeza: Barua hii ilikosa mtu wa kuipeleka mjini, ikakaa mpaka Jumatano, na yametokea mambo. Jumatatu asubuhi karasha lilipasuka. Baba Ndaki alilihangaikia kutwa nzima, mikono ikamtoka damu. Jioni Mzee Maganga akaja, akaliangalia mara moja tu, akasema hilo basi. Jana saa nne likaletwa jingine kutoka Mwanza, jipya, la bluu. Lile la zamani limeburutwa mpaka nyuma ya choo, na kuku wamekwisha anza kutagia humo. Lilipowashwa hilo jipya watu walishangilia. Baba Ndaki alikuwa analipaka grisi huku anapiga mluzi. Nilimuuliza kama lile lingine halimuumi, akanijibu kwamba chuma kikichakaa kinabadilishwa, na ugali bado?

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, naomba nifute maombi yote, kuanzia (a) mpaka (d). Sitaki kuwa karasha. Kipindi kisisimamishwe, na Dada Violeth abaki hukohuko, ila apunguze maneno. Tangu jana nimezungumza na wanawake wenzangu wa jikoni, na yule mwenzangu aliyeanguka ameomba tupitie mlangoni kwake atuone. Naomba jambo moja tu, mlitangaze Ijumaa baada ya taarifa ya habari: Jumamosi alfajiri, wanawake wa mwaloni watakaoonekana wanakimbia bila kubeba kitu, mwano usipigwe. Na atakayetaka uji, ajipikie.