Kuhusu Benchi la Fungu la Tisa na Talaka ya Hadi Ijumaa

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Kuuza Vifaa Chakavu vya Hospitali.

Mume wangu,

Miezi yote hii hujaketi kwangu hata kidogo. Unapita getini ukinipungia mkono kama mgombea, na moshi wa jiko langu unaingia dirishani kwako kila asubuhi. Sasa bibi asiyetembelewa ameamua kuandika. Mkono ni wa fundi cherehani, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapiga pasi.

Nalalamikia tangazo la zabuni mlilobandika getini. Fungu la tisa: "Benchi moja la mbao na chuma, bovu, halitumiki." Halitumiki? Mlipokuwa mnabandika lilikuwa limekaliwa na mama anayesubiri mwanawe atoke chumba cha upasuaji, wazee wawili, na mwenyekiti wa kamati yako, akipuliza chai yangu.

Mlilitupa wenyewe hapo ukutani mlipoletewa viti vya plastiki. Mimi ndiye niliyeliosha na kuufunga waya mguu uliolegea. Watu wenye wagonjwa wakikosa pa kukaa, hawanywi chai, wanazurura tu na mawazo yao. Nami bila wao nitazima jiko. Basi sikiliza.

1. Mnataka bei ifichwe ndani ya bahasha. Mimi kila kitu nimekinunua nikimtazama muuzaji usoni. Bahasha nitaibembeleza vipi? Haina haya, wala haioni mvi zangu.

2. Mnasema mali itauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Vizuri. Ilivyo, ina watu juu yake. Jana muuza vyuma chakavu alikuja akaligongagonga miguu, akaniambia, "Bibi, mbao nitakuachia ukokee moto." Akishinda, alichukue na watu wake wote, na kila asubuhi awarudishe, maana wagonjwa wao wako huku.

3. Mwenye bei kubwa ndiye mshindi. Hamuulizi atalifanyia nini. Hata mwanamume anayekuja kuposa huulizwa zaidi ya hapo.

4. Hili ndilo lililonipandisha presha. Eti ndugu wa mtumishi haruhusiwi kushindana, awe mke, mzazi, mtoto au bibi. Mimi ni bibi yako, na tangu ungali ukinyonya nakuita mume wangu. Mmenifungia milango miwili kwa kufuli moja.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba talaka hadi Ijumaa saa nane, bahasha zitakapofunguliwa. Ubibi nao nauvua. Ukinikuta getini nitakuita Afisa, nawe uniite Mzabuni. Ukishikwa na homa usiniite, nitakujulia hali kwa barua. Baba yako nimeshamwarifu kwamba wiki hii hana mama. Naona amefurahi.

Wasalimie wote nyumbani: mkeo, wanao ambao kwa sasa hatujuani, na yule shemeji yako mwenye kelele. Mwenyekiti mwambie chai ipo, anywe haraka kabla hamjamuuza.

Ni mimi, nisiye na undugu wowote nawe,
Mzabuni wa Fungu la Tisa.

Baada ya sahihi: Bahasha nimeshaitumbukiza sandukuni, na haitoki tena. Fomu iliyomo ndani ilitaka jina la mtu wa karibu, wa kuitwa nikipatwa na jambo. Fundi akainua kalamu, akanitazama. Ningemtaja nani mwingine? Ameandika jina lako lote, na cheo chako, na mbele yake: "Mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe." Jumapili ukija, njoo na mbao mbili ndefu. Nyundo ninayo.