Folda ya Wanawake Iliponifungukia

Leo nimeaibika mbele ya wazee, tena kwa kidole changu mwenyewe.

Mnajua tangu nimalize chuo nimerudi Mahajanga, namsaidia mama mdogo kwenye studio yake ya picha hapa mtaa wa Mahabibo. (Huku tunasema Kikomoro na Kimalagasi, maneno ya watu nawageuzia Kiswahili.) Yeye hupiga video za arusi. Kwetu sisi wenye asili ya Komoro, arusi ina sherehe za wanaume na sherehe za wanawake, na za wanawake mwanamume hazioni. Hata kwenye video. Ndiyo maana mama mdogo ana wateja mpaka kisiwa cha Nosy Be: amewaapia wanawake kwamba wakicheza mbele ya kamera yake, hakuna mume, kaka wala mjomba atakayewaona.

Video zote zinakaa kwenye kisanduku kimoja cha kuhifadhia mafaili, kilichounganishwa na kompyuta mbili. Moja ni yake, chumba cha ndani. Nyingine iko mbele ninakokaa mimi, na ina televisheni kubwa ya kuwaonyesha wateja. Asubuhi akaniambia folda ya wanaume ibaki wazi, ya wanawake ifungwe.

Nikamshauri tuweke neno la siri. Akakataa.

"Neno la siri ni neno. Nitamwambia dada yangu, naye ana mashoga zake, mwisho litafika Andilana, ncha ya Nosy Be. Mimi nataka ikubali kompyuta yangu tu. Kompyuta haina mdomo."

(Iliniudhi kwamba hoja yake ni ya kweli.)

Nikachokonoa mipangilio. Kumbe kisanduku kinaweza kuitambua kompyuta kwa anwani yake, ile namba ambayo ruta, kile kifaa cha mtandao, huipa kila mashine inapowashwa. Jambo tamu! Nikaandika anwani ya kompyuta ya mama mdogo, nikakataza nyingine zote. Nikajaribu kwenye kompyuta ya mbele: huruhusiwi. Nikajaribu tena, maana mimi siamini kitu kwa mara moja. Huruhusiwi. Nikaridhika. Swali moja tu halikunijia, mimi ninayeuliza kila kitu: ruta ikizimika, itakumbuka namba ipi ni ya nani?

Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi nikawasha kompyuta yangu. Mama mdogo alikuwa jikoni, ya kwake ikabaki imezimwa.

Ndipo wakaingia wazee wa Nosy Be, baba wa bibi arusi mmoja na ndugu zake wa kiume, kufuata video ya wanaume ya arusi hiyo. Wakatazama, wakasifu. Kisha yule baba, ambaye sote humwita Bakoko kwa heshima, kama ninyi mnavyosema babu, akatoa la moyoni. Ana binti wa pili anayeolewa baada ya Ramadhani. Kabla hajampa mama mdogo kazi, ana wasiwasi mmoja: huku mbele kuna kijana wa kiume. Atajuaje kwamba kijana huyo hachungulii upande wa wanawake?

Nikampenda papo hapo. Mzee anayedai ushahidi! Mwingine angeapa. Mimi nikasema, "Usiniamini mimi, Bakoko. Tazama mwenyewe."

Nikapeleka mshale kwenye folda ya wanawake, televisheni nzima ikionyesha, nikabofya kwa mbwembwe.

Ikafunguka.

Nikadhani nimekosea folda, nikabofya tena kuhakikisha. Mshale ulikuwa juu ya video. Ikaanza kucheza, sauti juu.

Mama mdogo huyo, katikati ya ukumbi, kamera kamwachia mwingine, amevaa miwani yangu (niliyoitafuta nyumba nzima) na koti langu juu ya leso zake. Anamwendea mpishi, aliye nje ya picha. Anachungulia sufuria. Anakuna kidevu.

"Mnasema huu ni wali," anasema, sauti yangu kabisa. "Nani amethibitisha?"

Wanawake wasioonekana wakaangua kicheko.

Wazee kwa adabu wakageukia ukutani. Lakini ukuta hauzibi masikio, na mabega yao yalikuwa yanatikisika. Nikatafuta pa kuzima video, badala yake nikaongeza sauti. Mwishowe nikachomoa waya, na hapo ndipo nikaelewa: umeme uliporudi, ruta iliipa kompyuta yangu namba ya mama mdogo. Mama mdogo alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema basi, jina lake limekwisha. Bakoko akamtuliza kwamba hawakumwona mwanamke mwingine ila yeye, naye amejistiri, lakini uamuzi si wake. Aulizwe mkewe, mwenye sherehe. Basi mama mdogo akampigia simu Nosy Be mbele yetu sote, akasimulia bila kupunguza kitu. Mimi nikawa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Waliona kipande gani?" yule mama akauliza.

"Cha mtoto wa dada yangu na wali."

"Aa, hicho. Hicho si siri. Hicho hata mume wangu nilikuwa nataka akione."

Kazi ya binti wa pili mama mdogo ameipata, ila kwa sharti: video za wanawake zitoke kwenye kisanduku kabisa, zikae kwenye diski ndani ya kabati lake la nguo. Diski imeshafungiwa. Kilichobaki ni kipande cha wali, ambacho nimeamriwa nikihamishe kwa mkono wangu mwenyewe hadi kwenye folda iliyo wazi kwa kompyuta zote.

Nimekihamisha. Bakoko ameshaomba nakala. Ninyi nawasihi msiombe.