Mashati Meusi ya Posa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Sura ya kumi imekwisha! London, mwaka 1937, iko mikononi mwa mafashisti. Shujaa wangu, karani wa posta Bwana Pemble, anavuka daraja na barua ya siri kwenye soli ya kiatu. Ukungu tele. London sijafika, lakini mvuke wa masufuria ya biriani hapa Fordsburg unatosha. Ukisimama mlangoni mwa duka letu la vitambaa ukafumba macho nusu, mtaa mzima unayeyuka. Nilisimama hivyo mpaka mteja akajikatia kitambaa mwenyewe.

Salum, jirani yetu muuza manukato, kasema Uingereza haikuwahi kutawaliwa na mafashisti. Nimemweleza kwamba ndiyo maana naandika. Akaongeza kwamba mafashisti wa Uingereza walivaa mashati meusi, wa Ujerumani ya kahawia. Huyu alisoma historia kidato cha sita na hatuachi tusahau. Ujerumani haimo kitabuni mwangu, kwa hiyo sikumsikiliza.

Nilimsomea mpenzi wangu Mayasa sura nzima pale anapopaka watu hina. Akasema nikisoma nakuwa kama sipo, na ndivyo anavyonipenda. Kisha, bila kuinua macho kutoka mkono wa mteja, akasema nipeleke watu wangu Jumapili kwa mjomba wake. Posa!

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango umekamilika. Ndugu sina mji huu, lakini jirani yangu Joël, Mkongo, ni mlinzi, na ataleta wenzake watatu wa zamu. Warefu wote. Kwa desturi mchumba habebi posa yake mwenyewe, lakini mimi nitakwenda nao. Nani mwingine atamweleza mjomba habari za kitabu?

Na sare lazima. Washenga wasio na sare ni kama watu waliopotea njia. Mashati meusi, vifungo vya fedha, mkanda mpana, kama ya kwenye kitabu. Mjomba atauliza, nitamweleza, na posa na riwaya vitaingia kwa mlango mmoja. Gustave, fundi wa Jeppestown, alinipima huku akiniangalia sana. Aliuliza, "Papa Ishaka, hii ni ya matanga ao ya politiki?" Nikamwambia ni ya mapenzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda Joubert Park kumwamkia mjomba, Mzee Selemani. Ghorofa ya sita. Mlango una makomeo manne, na kufungua kulichukua muda. Sijui anaogopa nini. Kahawa yake nzuri.

Alisimulia jambo refu kuhusu spaza yake ya zamani, kile kiduka cha mtaani, kule Jeppestown. Nilikuwa naangalia dirishani. Mijakaranda imechanua yote, maua yanashuka polepole, na mimi nayaona kama vikaratasi vya upinzani vinavyomwagwa juu ya London. Nilisikia tu kwamba walikuja wengi, wakiimba. Nikadhani harusi, nikasema mashallah. Mzee aliweka kikombe chini. Akaomba watu wangu wasizidi watatu, na wapande ngazi taratibu. Mtu wa haya sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Tulishuka karibu na Park Station saa nne. Joël na wenzake wamezoea zamu, wakajipanga wenyewe na kwenda kwa hatua moja. Mimi nyuma yao, naelea. Maua ya zambarau yaliangukia mabega meusi, na kwa dakika kumi nilikuwa London, na London ilikuwa nzuri.

Kinyozi akashusha mlango wa chuma. Mwenye spaza akafunga dirisha na kuuacha mkate wa mteja nje. Kwenye ngazi tulisikia makomeo juu yetu, ghorofa baada ya ghorofa. Ya sita, kimya kabisa. Sura ya kumi na moja ilikuwa inajiandika yenyewe! Nikagonga mara tatu kwa ngumi, wanavyogonga kitabuni.

Nikavua kiatu nitoe barua ya posa, niliyoificha kwenye soli kwa heshima ya Bwana Pemble. Hapo ikasukumwa karatasi chini ya mlango. Nikadhani ni jibu, nikashangaa limetangulia barua.

Joël aliisoma kabla yangu. Kilikuwa kibali cha Mzee Selemani cha kuishi nchini. Sauti yake ikaja nyuma ya mlango, kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza. Ilisema karatasi zake ni halali. Ilisema yumo mzee peke yake, hakuna binti humu.

Joël akavua shati palepale, akabaki na fulana. Wenzake wakavua pia. Kisha akaita kwa Kiswahili, kwa upole, kwamba ni wageni wa Mayasa. Mimi nilikuwa bado na kiatu mkononi.

Mayasa alifungua. Alikuwa na mchi, na uso umelowa. Akachukua kibali, akaniangalia, akafunga. Komeo la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ujumbe wa Mayasa, mrefu. Spaza ile ilichomwa moto na watu waliokuwa wakifukuza wageni nchini. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, kajificha nyuma ya magunia ya unga, akiwasikia wakiimba. Mjomba alinieleza yote Ijumaa. Anauliza nilikuwa wapi.

Nimejibu ukweli: London. Kisha nikaomba ruhusa ya kuitia ile karatasi ya chini ya mlango katika sura ya kumi na moja. Alama mbili za bluu, basi. Nimelia kidogo juu ya jora la satini. Nampenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mayasa kaandika tena! Mzee amekubali kuniona Jumapili. Masharti: niende peke yangu, na kanzu, na niite jina langu tangu chini.

Nimefikiri sana. Mtu peke yake anaonekana hana ukoo. Joël hapokei simu, lakini nimepata wabeba mizigo wanne wa Jeppestown. Sare lazima. Kosa lilikuwa rangi tu, sasa naliona wazi.

Gustave kauliza rangi gani safari hii. Nimemwambia kahawia. Ni rangi ya chai ya maziwa, haijapata kumtisha mtu.