Malalamiko Dhidi ya Mtani Aliyesema Kweli Kuhusu Kaseti ya Baiskeli

Ruangwa Mjini

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Mzee Saadi,
Naipingo, Nachingwea.

YAH: MWANAO NURDINI KUSEMA KWELI BILA TAARIFA

Shikamoo Mjomba. Natumaini goti limepungua kuuma na ufuta umekauka vizuri. Mimi mpwa wako Yasini ni mzima wa mwili tu. Mengine yote yameharibika, na aliyeyaharibu umemzaa wewe.

Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo wetu, ndiye uliyenipeleka Mbekenyera kuniozesha, na ndiye baba wa Nurdini, huyo anayejiita fundi baiskeli hapa sokoni Ruangwa. Ningeweza kwenda kwa mtendaji wa kata, lakini nimeona aibu ya nyumbani isikilizwe kwanza nyumbani.

Kisa ni hiki. Mke wangu Fauzia, kila tunapokwenda kwao Mbekenyera, hukaa kwenye keria ya baiskeli yangu. Tukifika kwenye kile kilima hushuka akatembea, nami nikaikokota baiskeli. Baada ya Idi alisema amechoka kuolewa na baiskeli inayotaka kusindikizwa. Nikamwahidi gia. Nikaenda mnadani Nachingwea, nikanunua kaseti, lile fungu la duara za meno, kubwa mpaka ndogo, linalokaa kwenye gurudumu la nyuma. Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikampelekea Nurdini aifunge.

Sasa sikiliza alichonitendea.

1. Alisema kweli. Aligeuza gurudumu langu, akaitazama habu, kile kitovu cha katikati, akaniambia: "Binamu, hii haiingii. Habu yako ya zamani, ina uzi, friwili yake, lile duara la meno la nyuma, inasokotwa kama kifuniko cha chupa. Kaseti yako inataka habu yenye mifereji, iteleze ndiyo ishike. Hazioani hizi." Mjomba, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ningefanya nini? Huyu ni mtoto wa mjomba, mtani wangu wa kuzaliwa. Ndiye aliyewaambia wakwe zangu siku ya harusi kwamba mimi hulala na viatu, huku ameshika mbavu zake. Ndiye aliyeingia katika kaburi la marehemu baba yangu, akalala humo akicheka peke yake, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mtu wa namna hiyo akisema haiingii, mwenye akili zake anaelewa kwamba inaingia.

2. Alirudia. Mtani mwenye adabu akishatoa uongo wake mara moja hutosheka. Nurdini akaongeza kwamba hata nikipata habu nyingine, nipime kwanza nafasi ya fremu kule nyuma, kwa sababu habu ya gia nyingi ni pana. Akasema tena kwamba kaseti ya duara tisa inataka mnyororo mwembamba, wangu ni mnene, utagoma. Hapo nikaona anazidisha chumvi. Nikamwambia utani wake siku hizi umepoa kama uji wa jana, nikabeba mali yangu nikaondoka. Hakunikimbilia. Fundi gani anamwacha mteja aondoke na kweli mkononi?

3. Alinifanya nijifungie mwenyewe. Nilikata mpira wa tyubu, nikauzungushia habu, nikaipigilia kaseti kwa nyundo mpaka ikanyamaza. Mnyororo nao nikaulazimisha. Nikaizungusha baiskeli pale uani, ikazunguka vizuri tu. Nikamwita Fauzia aje aone maendeleo. Akauliza swali moja: "Nurdini amesemaje?" Nikamwambia amesema haiingii, nikacheka. Yeye hakucheka. Nilidhani ni jino linamsumbua.

4. Kweli yake ilitufuata mpaka kilimani. Fauzia alikuwa nyuma, amevaa khanga mpya, amepakata bakuli la vitumbua vya kumpelekea mama yake. Nikamwambia leo hushuki. Nikakanyaga pedeli. Pedeli zikazunguka, mnyororo ukazunguka, kaseti ikazunguka, gurudumu likatulia. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Baiskeli, mimi, mke wangu na vitumbua, wote tukaingia katika shamba la ufuta la watu, na wenyewe walikuwemo. Mmoja akatuuliza kama tumekuja kuwasaidia kuvuna.

Fauzia alijikung'uta, akasimamisha bodaboda, akaenda kwao. Hajarudi mpaka leo. Ameniletea salamu kwamba mwanamume asiyemwamini fundi kuhusu habu hatamwamini mke kuhusu jambo lolote, na kwamba atarudi siku atakayokivuka kilima kile bila kushuka. Mama mkwe akaongezea, bila kuombwa na mtu, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Baiskeli nimeiacha kwa wale wenye shamba kwa sababu ya aibu. Mjomba, nyumba imekuwa kubwa mno. Nakula ugali ulioungua nikiwa nimesimama, maana nikikaa naanza kuutazama upande wake wa mkeka. Namtaka mke wangu.

5. Ukoo uko hatarini. Hapa sijisemei mimi tena. Miaka yote nimeishi kwa kuyapindua maneno ya Nurdini, na nimeishi vizuri. Akisema mvua haipo, naanua ufuta. Akisema fulani yu mahututi, najua nitamkuta anacheza bao. Sasa ameanza kuchanganya. Kesho akitangaza msiba, tulie au tumfukuze? Akisema nyumba inaungua, tuchukue maji au tuendelee na chakula? Ukoo mzima utalazimika kufikiri kila anapofungua mdomo, na ukoo wetu, Mjomba, haukuzoea kazi hiyo.

Kwa heshima zote, naomba Nurdini akatazwe kusema kweli mbele ya ndugu. Ikimlazimu sana, atoe kwanza ishara ya wazi, ambayo hata mzembe ataiona. Avue kofia, au anyanyue spana juu. Pili, aende Mbekenyera kwa miguu, akamweleze Fauzia mbele ya wazazi wake kwamba kaseti yangu na habu yangu zinaoana kabisa, na lililotokea ni kosa la kilima. Akikataa, basi kilima kichongwe. Nasikia unafahamiana na watu wa barabara. Na hayo yote yakishindikana, utani kati ya watoto wa mjomba na watoto wa shangazi ufutwe katika ukoo huu, tubaki kuamkiana tu kama watu wa ofisini.

Nisalimie Bibi Mwamina, Amna na watoto wake, majirani wote wa pale kisimani, na yule mbuzi wako mkorofi. Nurdini akija huko usimpe salamu zangu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ambaye kwa sasa natembea kwa miguu,

Yasini

Tanbihi. Mjomba, kabla sijaifunga barua hii Nurdini ameingia hapa ndani. Anasema ameichukua baiskeli yangu kwa wale wenye shamba, amepima fremu, ametia gurudumu zima lenye habu ya mifereji na mnyororo wa saizi yake, na kaseti yangu imeingia kwa vidole, bila nyundo. Kisha akasema Fauzia amekaa barazani, yeye Nurdini ndiye aliyempakia kutoka kwao, na kilima wamekivuka bila Fauzia kushuka. Nilicheka mpaka kalamu ikanidondoka. Nurdini hakucheka.

Hapo nikakumbuka kwamba hata siku ile ya habu hakucheka. Nikakumbuka harusini na kaburini. Mwanao akidanganya hucheka mwenyewe kabla hajamaliza, tangu tukiwa watoto. Ishara niliyoiomba hapo juu nilikuwa nayo siku zote.

Nimetoka nje. Fauzia yupo kweli barazani, na kicheko changu amekisikia chote. Nilitaka kuichana barua hii, lakini amenyoosha mkono, nikampa. Ameisoma taratibu, namba moja mpaka ya tano, na pale kwenye kosa la kilima amepasoma mara mbili. Amesema nisifute hata neno, iletwe kwako ilivyo, na isomwe mbele ya ukoo.

Hajacheka.