Maombi ya Kusafirisha Magoti Mawili Hadi Kolorado

Kwa Katibu Herbert,
Umoja wa Kufaana wa Waafrika Mashariki,
Al Barsha, Dubai.

Jumanne, 8 Novemba 2016

Ndugu Katibu,

Pokea salamu zangu, mimi mzee Onesmus, baba yake Lois wa mapokezi hotelini, yule mzee ambaye mkutanoni hukaa kwenye kiti kilicho karibu na chai. Naandika kwa mkono wangu na akili zangu zote. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila mimi na mwalimu hatukuelewana. Mjukuu wangu Judy alitaka kunisahihishia barua hii, nikamwambia asubiri aumwe na yeye aandike yake.

Jambo langu ni moja lakini lina matawi, kwa hiyo nimelipiga namba ili kamati isipotee.

1. Magoti yenyewe. Nina baridi yabisi, huu mwaka wa tisa. Goti la kulia linauma kutwa nzima. La kushoto linauma likiona mwenzake amepumzika. Lois alinipeleka kwa daktari, kijana mpole sana, akanipa dawa ya kupaka inayonuka mnanaa na kuniambia nipunguze uzito. Ndugu Katibu, wewe umeniona. Nikipunguza uzito nitabaki jina tu. Akasema basi niwe naogelea. Mimi natoka Wamunyu, Ukambani. Kwetu maji tunayabeba, hatuingii ndani yake.

2. Jotham. Huyu ni rafiki yangu wa utotoni, anaishi na mwanawe kule Kolorado, Marekani, na magoti yake ni mabovu kama yangu. Mwezi uliopita alinitumia picha kwenye simu ameshika kichupa cha peremende, na peremende zenyewe zimetengenezwa kwa bangi. Bangi, Ndugu Katibu, ile ile ambayo chifu wetu alikuwa akitafuta nyumba hadi nyumba na viboko mkononi. Kule anaandikiwa na daktari, kwenye karatasi yenye muhuri, na anayemuuzia humwita bwana. Akaniandikia kwamba sasa ana magoti ya ndama, na kuniuliza kama mimi bado naamka kitandani kwa awamu.

3. Sheria. Nilimwonyesha Lois ile picha. Akaninyang'anya simu, akaifuta picha, kisha akanawa mikono. Akaniambia, Baba, khalas, basi yaishe, nchi hii hata mbegu moja ikinata kwenye soli ya kiatu ni jela, na wewe huko jela nani atakufunga kamba za viatu. Baada ya hapo akapekua sanduku langu nililokuja nalo kutoka nyumbani. Alitupa majani ya kunde niliyokausha mwenyewe, akatupa mwarobaini, akatupa na majani ya chai, eti yalikuwa yanaelekea ukijani. Kunde tangu ziumbwe hazijalewesha mtu. Hata Ken, mlinzi wa jengo letu, nilimuuliza tu kwa heshima kama amewahi kusikia kuhusu ile mboga ya Jotham. Akahamisha kiti chake. Tangu siku hiyo tukikutana anaisalimia lifti.

Nieleweke vizuri. Sheria za nchi hii naziheshimu kuliko ninavyomheshimu mkwe wangu. Siombi dawa iletwe hapa, hata harufu yake. Nasema hivi: kama dawa haiwezi kuyafuata magoti, basi magoti yaifuate dawa. Hakuna sheria duniani inayokataza goti kusafiri.

4. Katiba ya chama. Hapa ndipo ninapowashika. Mnakumbuka katiba yetu mliinakili kutoka kwa chama cha mazishi cha huko kwenu Masaka, Uganda, mkabadilisha jina peke yake. Kifungu cha tisa kinasema chama kitasafirisha mwili wa mwanachama aliyefariki, au sehemu yoyote ya mwili huo, hadi walipo ndugu zake, ukisindikizwa na mtu mmoja. Mimi nilikuwepo kikipitishwa. Niliinua mkono, na siku hiyo mkono haukuwa na shida.

Sasa nifuateni polepole. Magoti yangu yamefariki. Ushahidi ni kwamba nikiyaita hayaitiki, nikiyatuma hayaendi, na Cissy mweka hazina aliyafinya mbele ya watu watatu bila yeye kupata jibu. Magoti ni sehemu ya mwili, na katiba imesema sehemu yoyote. Ndugu yao ni Jotham, kwa sababu mimi na Jotham tulitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, yeye akinitangulia, na kwa Wakamba huo ni undugu usio na kesi. Yeye alilia kidogo lakini hilo si la kamati. Hatujaonana tangu mwaka wa 1983 alipopanda ndege, na huyo ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita kwa jina langu la malishoni. Na kuhusu msindikizaji, najitolea mwenyewe. Nimeyajua magoti haya kuliko mtu yeyote katika chama. Sanduku si lazima, yatasafiri ndani ya suruali yangu.

5. Upinzani. Ijumaa iliyopita nilidokeza jambo hili, na ndugu yetu Twaibu akasimama kusema kwamba kama magoti yamekufa basi yazikwe hapa hapa leo leo, maiti haicheleweshwi. Nilimjibu kwa upole kwamba desturi ya dini yake naiheshimu ila haya ni magoti yaliyobatizwa, na yameshinda kwenye sakafu ya kanisa zaidi ya yake na ya ukoo wake. Mastula naye, ambaye hupika kwa madam mmoja huko Jumeirah Village Circle na hudhani kila mtu ni sufuria la kukorogwa, akauliza mabaki yangu, yaani mwili uliosalia juu ya magoti, yatarudi lini. Nikamwambia mabaki hayana malalamiko yoyote. Watu wakacheka. Nashangaa chama kinachocheka kwenye msiba.

6. Matanga. Kama ilivyo kawaida yetu, naomba matanga ya siku mbili, chai ya maziwa na mandazi, na wasifu wa marehemu usomwe. Nimeuanza: goti la kushoto lilikuwa nyenyekevu, halikupenda makuu. Goti la kulia lilifunga bao dhidi ya timu ya misheni mwaka wa 1961, na kwa kweli halikupona majivuno yake. Nitakaa mstari wa mbele kama mfiwa. Msinipe pole ndefu, nitalia.

7. Lois. Asiambiwe hadi ndege iwe angani. Ameshaniapia kwamba nikitaja ile mboga tena mbele ya jirani atanirudisha Wamunyu, na Wamunyu nyumba imefungwa, hata kuku waligawiwa. Kwa hiyo kamati ikikataa Ijumaa hii, mimi na Jotham ndiyo basi, tutabaki kutumiana picha mpaka mmoja akose kujibu. Ninaomba mlifikirie hilo mkiwa mmeshiba.

Nisalimie mama watoto huko Masaka, nisalimie walinzi wote unaowasimamia kazini, Twaibu pia, kwa kiasi.

Ni mimi mfiwa na msindikizaji,
Onesmus (darasa la sita)

Nyongeza: Ndugu Katibu, simamisha kila kitu. Nilipokuwa natafuta bahasha Mastula alipita hapa na kadi yake ya kupigia simu ng'ambo, akasema mzee kabla hujasafirisha viungo, yalla, haya twende, mpigie huyo mtu. Tumempigia. Neno la kwanza baada ya miaka thelathini na mitatu aliniita mwizi wa mbuzi, lile jina langu la malishoni. Kuhusu zile peremende, amekiri. Zinapunguza maumivu kiasi, hakatai, ila bado anashuka ngazi kinyumenyume kama kaa, na kazi yao kubwa ni kumfanya asizikasirikie ngazi. Tumebishana saa nzima ni magoti ya nani yanauma zaidi. Kadi ilipoisha na simu kukatika nikajikuta nje, upande wa pili wa jengo, na Ken amesimama ananiangalia, kwa maana nilikuwa nabishana huku natembea na sikumbuki kushuka ngazi. Kwa hiyo kwenye ajenda futa magoti, andika kadi ya simu. Na iwe kabla ya Ijumaa, maana imekatika Jotham akiwa katikati ya uongo kuhusu ni nani alilia kwenye kisu, na siwezi kumwachia alale akidhani ameshinda.