Shemeji na Roboti Yake Isiyopotea Njia

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kamwajiri shemeji! Mdogo wake mke wangu, karakanani kwangu! Eti aje anisaidie. Roboti yangu ya kubebea mashuka hospitalini haina shida. Kwenye kona inayumba kidogo tu, kama mlevi anayejiheshimu. Shemeji akaniuliza kwa upole kama roboti inajua ilipo. Nikamjibu inajua kuliko yeye.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaunda roboti yake mwenyewe. Imekata kona kama maji mferejini! Anasema kila mara inalinganisha ilipo na inapopaswa kuwa, kisha inarekebisha mwendo wa magurudumu pole pole. Yangu hurekebisha kwa pupa, ndiyo maana inapitiliza. Hakuna aliyemwuliza! Bosi katangaza kwamba Ijumaa daktari mkuu atachagua roboti moja, na mwenye nayo ataongoza karakana. Jioni mke wangu kamsifu mdogo wake mpaka chakula kikapoa. Paja la kuku kapewa yeye. Mimi shingo.

Jumatano, 6 Machi
Alipotoka kula, nimenakili vipimo vyake vyote vya kurekebishia mwendo. Werevu mtupu! Nikawasha. Roboti ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Kumbe magurudumu yangu ni makubwa kuliko yake. Shemeji akajitolea kunisaidia. Nikakataa. Wema wake unaniwasha kama upupu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenunua sabuni ya maji. Kesho naimwaga konani kabla roboti yake haijapita. Mdogo ndiye hutangulia, mkubwa hufunga kazi. Nimelala kwa raha.

Ijumaa, 8 Machi
Sabuni imekaa vizuri, haionekani. Daktari mkuu kafika, kasema aanze mzoefu. Mimi! Nikasingizia tumbo. Bosi kasema tumbo halisukumi roboti. Ikaenda. Ikafika konani. Ikateleza, ikamkumba daktari, daktari akakalia kapu la mashuka! Ya shemeji nayo ikateleza, lakini ikajihisi imetoka njiani, ikajinyoosha, ikafika. Daktari kapiga makofi akiwa kapuni.

Bosi akauliza kwa ukali nani kamwaga sabuni. Nikatazama viatu vyangu. Shemeji akasema, "Samahani bosi, ni mimi. Nilikuwa nasafisha." Chupa alikuwa ameiona mfukoni mwangu.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji ndiye mkuu wa karakana. Bosi alitaka kunifukuza kwa kuwa roboti yangu ilimkumba daktari, yeye kanitetea. Mke wangu kasema nimshukuru. Nimewaza sana leo, na nimeng'amua: kanitetea ili aonekane mwema! Mjanja yule!

Nimempigia simu mama mkwe. Nimemwambia kijana amekua, atafutiwe mchumba, ikiwezekana wa mji wa mbali. Kafurahi kupita kiasi. Mchumba anaye tayari, mtaa wa pili tu kutoka kwetu. Akaomba kijana ahamie kwangu mpaka harusi.

Nimekubali papo hapo. Safi kabisa! Akilala chumba cha pili, hataniponyoka.